Jani la Oregano Lililokataa Kungoja

Kila ninapoingia jikoni kwa mmoja wenu nakuta jambo lile lile. Majani mabichi ya oregano yamo chunguni tangu asubuhi, yamechemka mpaka yamekuwa kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, na yule aliyepika ananiuliza kwa nini mchuzi hauna harufu. Mwingine ameyakausha vizuri, kisha anayamwaga kiganja kizima wakati watu wameshanawa mikono, na wageni wanakunja nyuso. Nimeeleza mpaka nimechoka kueleza. Leo nitawasimulia tangu mwanzo, maana naona kuwaambia tu hili mapema, lile mwisho, hakuwaingii. Huenda mkijua ilianzia kwa nani mtashika.

Jani lenyewe mnalijua. Ni dogo, limeviringana kidogo, lina vinyweleo upande wa chini, na ukilifikicha vidoleni linakuachia harufu kali yenye joto ambayo haitoki upesi hata ukinawa. Jina la oregano limekuja juzi pamoja na vipakiti vya dukani. Huku milimani bibi zetu waliliita jani tu, na ukisema jani kila mtu alijua ni lipi, kwa kuwa hapakuwa na nyumba iliyopika bila hilo.

Enzi hizo jani lilikuwa na tabia moja. Ulitie bichi au kavu, mapema au mwishoni, harufu yake haikubadilika. Ungeweza kuinjika maharage alfajiri na kuyapakua giza likiingia, na bado yakanukia kama ndiyo kwanza yameiva. Jani lilingoja watu. Wanaume walilisifu sana kwa hilo. Wanawake nao walilisifu mwanzoni, kabla hawajaona linawapeleka wapi.

Kwa maana chakula kisichoharibika hakina saa. Mmoja alikula jua likichomoza, mwingine lilipotua, na kati yao walipita wakwe, mashemeji na wapita njia. Hakuna waliokula pamoja. Moto haukuzimwa. Mwanamke alikaa kando ya chungu akichochea kuni, akiongeza maji, akikoroga ili kisishike chini, akimsubiri wa mwisho. Na mwiko wa nchi ile ulikuwa kwamba mke haendi mbali na meko kabla mwenye nyumba hajala, akienda ataiachia nyumba njaa. Mwanamke akawa amefungwa pale kama mbuzi kwenye kigingi, naye kamba aliisuka mwenyewe kwa kupika vizuri.

Katika kijiji kimoja cha mteremkoni aliishi Nakadori, mke wa Mbonea. Mbonea alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomkera Nakadori kuliko yote, kwamba hakuwa na kosa la kupelekwa kwa wazee. Hakupiga, hakulewa, hakutukana. Ugonjwa wake ulikuwa mazungumzo. Akienda kwa mhunzi kunoa jembe, jembe lilinolewa, likapoa, likasimamishwa ukutani, naye bado yupo pale penye mivukuto anasuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Akishausuluhisha, husimulia jinsi babu yake alivyosuluhisha mwingine unaofanana na huo. Akiitwa akale, huitika kwa sauti tamu kwamba anakuja. Wala hakuwa akidanganya. Alikusudia kabisa kuja, ila kati ya ule mdomo na ile miguu kulikuwa na watu wengi wa kusalimiana nao.

Hatimaye alifika, akala, akalamba vidole, na mkewe alipomuuliza alikuwa wapi tangu adhuhuri alimtazama kwa upole akasema, "Kwani chakula kimeharibika?"

Chakula hakikuwa kimeharibika. Sasa mtu ajibu nini? Nakadori alimlalamikia mama mkwe, akaambiwa kwamba hata yeye alimngoja baba mkwe hivyo hivyo na wala hakufa. Aliwalalamikia majirani, akakuta kila mmoja ana wa kwake. Siku moja aliamua kupika bila jani, akaona labda mume akila chakula kisicho na ladha atajifunza. Mbonea alionja tonge la kwanza, akauliza taratibu kama jani limekwisha, na kesho yake akamletea kikapu kimejaa mpaka juu. Akamwambia asione haya kumwambia siku nyingine likipungua. Nakadori alikipokea kile kikapu, akaingia nacho ndani, akaketi chini akakikodolea macho.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Namkunda, aliyeolewa ng'ambo ya kilima. Mama yao alikuwa amefariki zamani. Mimba ya kwanza ya Namkunda ilipojulikana, ndugu hao wawili walikubaliana kwamba siku ya uchungu Nakadori atakuwepo, kwa kuwa Namkunda aliogopa sana na hakuwazoea wakwe zake. Asubuhi moja mtu wa ng'ambo ile alipita akampa habari kwamba uchungu umeanza tangu alfajiri.

Nakadori alikuwa na maharage na ndizi motoni. Aliyafunika akaenda mbio kwa mhunzi, akamwita mumewe kando.

"Mume wangu, uchungu umemshika Namkunda. Njoo ule niondoke."

"Wewe nenda ukapakue," Mbonea alisema. "Nakuja nyuma yako."

Alirudi akapakua. Akangoja. Chakula kilipoanza kupoa alikirudisha chunguni, akatoka tena. Mara hii Mbonea alikuwa katikati ya ndugu wawili waliokuwa wakigombea fahali, amemshika mmoja mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, na kwa kweli walikuwa karibu kurukiana. Alimwona mkewe, akamwashiria kwa kichwa kwamba anakuja sasa hivi. Nakadori alisimama pale kidogo. Watu walimpisha wakidhani anataka kusikiliza.

Alirudi nyumbani akajifunga nguo ya safari, akafika mlangoni. Mama mkwe, aliyekuwa nje akichambua mbegu, alimuuliza kwa sauti ya kawaida kama mwenye nyumba ameshakula. Nakadori alirudi ndani. Aliukoroga mchuzi, akaupiga ukingo wa chungu kwa mwiko wa kukorogea mpaka ukingo ukamegeka, na ndani ya chungu kile maharage yaliendelea kunukia vizuri kabisa, hayana haraka.

Jua lilikuwa limeinama Mbonea alipofika. Alikula kwa utulivu, akamshukuru, akaanza kumweleza jinsi habari ya fahali ilivyokwisha. Mkewe hakumngoja hata anawe. Alipanda kilima kwa kukimbia, akateremka ng'ambo giza likishika, akafika kwa Namkunda akakuta kelele zimekwisha na wanawake wanafagia.

Mtoto alikuwa amezaliwa, wa kike, mzima. Namkunda naye alikuwa mzima, lakini mtoto alitanguliza miguu na kazi ilikuwa ngumu. Wanawake wa pale walisema aliliita jina la dada yake tangu asubuhi mpaka sauti ikakauka. Nakadori alipopiga magoti kando ya kitanda, mdogo wake alimgeuzia uso.

"Nilikuita nilipokuwa naogopa," alisema, na sauti ilitoka kama mchanga. "Sasa siogopi tena. Rudi kwako, dada. Chungu chako kinakungoja."

Nakadori aliomba ampakate mtoto. Namkunda alimfunika mtoto, akageukia ukutani.

Alirudi nyumbani, akamsimulia mumewe kila kitu. Mbonea alimsikiliza mpaka mwisho, maana kusikiliza alikujua. Kisha akashusha pumzi akasema, "Tumshukuru Mungu basi. Mama mzima, mtoto mzima. Mbona hakuna kilichoharibika?"

Nakadori aliinuka. Alitoka nje akang'oa kila shina la jani lililoota kuzunguka nyumba. Kwa kuwa kulitupa jani la chakula ilikuwa dhambi, aliyafunga mafungu mafungu akayatundika juu ya meko, kwenye uchaga unaopitiwa na moshi. Akapanda mlima kwa Bibi wa Chemchemi.

Huyu Bibi aliishi peke yake juu kabisa, mawingu yanapopumzikia. Yeye ndiye aliyeotesha shina la kwanza, na jani lilimtii kama mbuzi anavyomtii anayempa chumvi. Nakadori alimkuta akipalilia, na kabla ya salamu Bibi alimuuliza kama naye amekuja kwa habari ya mvua, maana waliokuja kwa habari ya mvua walikuwa wamemmaliza. Nakadori alisema hapana, amekuja kwa habari ya jani. Anaomba liambiwe liache kungoja.

Bibi alinyoosha mgongo. Alisema kwamba bibi za wanawake hawa hawa walipanda mlima wakilia, wanataka jani litakalongoja, na yeye akawapa. Sasa wajukuu wanapanda wakilia wanataka lisilongoja. Akaomba kwamba siku watakapoamua wanachotaka, wamtume mmoja aje amwambie, na wengine wamwache apalilie. Nakadori alijibu kwamba hakutumwa na mtu, amekuja kwa ajili yake mwenyewe, na akaeleza ya Namkunda tangu mwanzo hadi ule ukuta.

Bibi hakumkatiza. Mwishoni aliinama, akalishika lile shina la kwanza chini penye udongo, akasema nalo kama anavyosema mtu na mwanawe mkaidi. "Kuanzia leo usimngoje mtu. Waliokaa kula, wape harufu yako yote. Ambaye hajafika, mwache."

Neno lile lilipita mizizini, kutoka shina hadi shina, likashuka mteremko mzima. Siku hiyo hiyo, kila chungu kilichokaa motoni kikimsubiri mtu kilipoteza harufu. Mbonea alifika jioni, akafunua, akaonja, akauliza mbona mchuzi hauna harufu leo.

"Harufu ilikuwepo," mkewe alimjibu. "Ilikuja adhuhuri ikakukosa."

Mbonea alicheka kwanza, akidhani ni maneno tu. Kesho yake hakucheka. Kwa nyumba zote ilikuwa vivyo hivyo, na wanawake waligundua upesi kwamba jani bichi sasa linataka kutiwa mwisho kabisa, chungu kikikaribia kuepuliwa na walaji wakiwa wameshaketi. Ukilitia hivyo, linakupa harufu ambayo hata zamani halikuwa nayo. Ukilichemsha, linaondoka. Wanaume walilalamika, wakakaa kikao, wakazungumza mpaka saa ya kula ikawapita wakiwa kikaoni, jambo ambalo halikusaidia hoja yao. Baada ya hapo kwa mhunzi palianza kuwa patupu adhuhuri. Mbonea naye alikuja, mara nyingi akiwa amemshika mkono mtu ambaye hawajamaliza maneno, na Nakadori akalazimika kuwalisha wote wawili. Lakini walikula kwa wakati.

Alidhani sasa atapumua. Hakupumua. Alikuja Mama Mrindoko, jirani wa upande wa chini, mwanamke asiyezoea kugombana. Mumewe alikuwa mchukuzi wa majembe, anayapeleka nyikani na kurudi na chumvi, na hakuna aliyejua siku ya kurudi kwake. Kwa hiyo Mama Mrindoko aliweka chungu tayari siku zote, ili mtu huyo akitoka mbali harufu ya nyumbani impokee njiani. Juzi alikuwa amerudi, akakuta mchuzi kama maji ya kuoshea vyombo. Hakuuliza. Aliamini mkewe amechoka kumngoja, akalala amempa mgongo, na asubuhi akafunga mzigo wake akaondoka bila kuaga.

"Mume wako alikuwa kwa mhunzi, unamwona ukisimama mlangoni," Mama Mrindoko alimwambia. "Wangu alikuwa nyikani. Kwa nini umetuadhibu sote kwa kosa la mmoja?"

Nakadori alitaka kumwambia kwamba hayo hayamhusu, kwamba amehangaika vya kutosha na apewe nafasi apumzike. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini aliona namna mwanamke yule alivyosimama, kama mtu aliyeita na hakuitikiwa, na sura ile alikuwa ameshaiona kitandani kwa mdogo wake. Akachukua nguo yake wakapanda mlima pamoja, Nakadori akinung'unika njia nzima.

Bibi wa Chemchemi hakutoka hata nje. Alisikia shida yao kupitia ukuta, akajibu kupitia ukuta kwamba neno lake si nguo ya kugeuzwa kila asubuhi. Jani lililo kwenye mzizi limeshalisikia na litalitii. Wao warudi wakaangalie lile ambalo siku ile halikuwa ardhini.

Walitazamana. Ndipo Nakadori akakumbuka mafungu yaliyokuwa juu ya meko yake. Alikuwa ameyang'oa kabla ya kupanda mlima, kwa hiyo neno la Bibi lilipopita mizizini hayakuwa na mizizi ya kusikia nayo. Yalibaki na tabia yao ya zamani ya kungoja. Walipoyashusha yalikuwa yamekauka kabisa, yamesinyaa, yanavunjika vidoleni. Mama Mrindoko alishukuru akaenda nayo kwake.

Jioni ile ile alikuja tena, macho mekundu. Alikuwa ametia kiganja kimoja, kama alivyozoea, na mchuzi ulikuwa mchungu na mkali hata watoto wake wamelia. Nakadori alikwenda kuonja. Alimeza, akaona aibu. Kwa majuma yote yale, kabla Mbonea hajazoea kuja kwa wakati, kila alipokoroga chungu huku mume hajafika, alikuwa akinena. Hakuweza kumwambia mama mkwe, wala Mbonea ambaye angemjibu kwa upole, kwa hiyo aliyasema yote akiangalia juu, na juu palikuwa na yale mafungu. Majani yalikuwa yamekauka yakimsikiliza. Maneno yote yaliyokosa pa kwenda yalikuwa yameingia humo, yamebanana ndani ya jani dogo kama ukucha.

"Punguza," alimwambia Mama Mrindoko. "Tia kiasi cha ncha za vidole tu. Yafikiche kwanza viganjani. Na uyatie mapema, yapate muda wa kutulia."

Mama Mrindoko alifanya hivyo. Aliyatia pamoja na vitunguu, mwanzoni kabisa, akaacha chungu kichemke polepole. Ukali ulianza kulegea. Kadiri chungu kilivyokaa ndivyo harufu ilivyozidi kutanda, ikawa nzito na ya joto, ikatoka nje, ikashuka njia. Akaendelea kupika hivyo siku baada ya siku. Yalipokaribia kwisha, alitundika mapya kando yake juu ya moshi, nayo yakajifunza tabia za yale ya zamani. Mwezi ulipoandama, mumewe alikuwa akipanda kona ya mwisho na mzigo wa chumvi begani, naye hakuwa ameamua kama atalala kwake au kwa nduguye. Harufu ilimkuta pale konani. Aliutua mzigo mlangoni pa mkewe, akaketi, akala, akaomba aongezwe. Mama Mrindoko alimwongeza, naye usiku huo hakumpa mgongo.

Nakadori naye alikuwa na lake. Kwa kuwa sasa watu walikula adhuhuri na mwenye nyumba pamoja nao, mwiko ulitimia mapema na alasiri ikawa yake. Kila alasiri alivuka kilima. Namkunda hakumfukuza wala hakumsemesha. Nakadori alifua nguo za mtoto, akapasua kuni, akateka maji, akarudi kwake amenuna, na kesho yake akaenda tena. Mbonea alimuuliza kwa nini anajisumbua kwa mtu asiyemjibu. Alimwambia kwamba yeye amekuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani miaka mingi, ameshazoea. Inasemekana kwamba tangu hapo, siku alizochelewa, Mbonea alikula mchuzi usio na harufu bila kuuliza kitu.

Alasiri moja Namkunda alikuwa na njaa, kama walivyo wanaonyonyesha. Nakadori alimpikia ndizi kwa nyama. Alipoona ameketi, akatia jani bichi, akakoroga kidogo, akaepua. Namkunda alivuta kibakuli karibu. Mikono yake ilikuwa imejaa mtoto. Alimtazama dada yake, akamnyooshea yule mtoto.

"Mshike mwenzako nile," alisema. "Na yeye ni Nakadori. Nililiita jina hilo siku nzima, ningempa lipi jingine?"

Nakadori alimpokea. Chakula kilipoa mbele yake siku hiyo, na hakujali.

Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyobaki mpaka sasa mnaponiona nawapigia kelele. Jani kavu huingia mapema, kidogo, limefikichwa, kwa sababu bado linajua kungoja na bado lina hasira za mtu ndani yake zinazohitaji muda. Ukilizidisha utazila mwenyewe. Jani bichi huingia mwisho, kwa wingi, watu wakiwa wameshaketi, kwa sababu lilikatazwa kumsubiri asiyekuwepo. Nalo likishaingia, mpishi hana tena kazi mekoni. Ananawa mikono, anavuta kigoda, anakaa na wenzake, anakula chakula kikiwa bado cha moto.